Betri ya Tluway na Benchi la Nyuma

Neema na Yohana, funguo mnazo na chaja mmeshazizoea. Haya nayaandika kwa sababu mmeniuliza mara nyingi habari ya lile benchi la nyuma ya banda, nami kila mara nikawaambia osheni betri, acheni maswali. Sasa nimekaa nyumbani, magoti yamekataa kazi, nina muda. Shule niliishia darasa la nne kule Masieda, kwa hiyo mkikuta herufi zimelala, zisomeni zikiwa zimelala hivyo hivyo.

Naanza mwanzo kabisa. Benchi lile halieleweki kwa mtu asiyejua betri.

Nilikuja huku ziwani Basotu nikitokea Gehandu nilikoolewa, nimeshafiwa na mume, nina watoto na jembe. Fundi Idrisa alikuwa mtu wa Kigoma. Aliletwa kushika umeme wa matrekta kwenye mashamba ya ngano, kazi ilipokwisha hakurudi kwao, akafungua banda la kuchaji betri hapo karibu na mwalo, mitumbwi inapofikia. Siku ya kwanza alinipa kazi ya kuosha vichwa vya betri kwa maji ya moto na magadi, haya haya tunayowekea maharage. Nilipomwaga magadi yakatoa povu na kuchemka juu ya betri, nami nikaruka nyuma mpaka mlangoni. Idrisa alicheka akakaa chini. Akasema hiyo ni asidi inakufa, mama, na kesho usije na kitenge kizuri. Alichelewa kusema. Nilipokifua jioni kile kitenge kilikuwa chujio. Ndiyo maana miaka yote mmeniona na koti la turubai. Si kwamba sina nguo.

Kitu cha kwanza alichonifundisha ni kusikiliza. Sisi huku chaji tunaiita moto. Betri inayopokea moto vizuri inanong'ona, sauti kama ya uji unaoanza kuchemka chumba cha pili. Seli iliyokufa inanyamaza. Idrisa alikuwa ananiambia nifumbe macho, niinamishe sikio, nitaje seli ipi imenyamaza. Mwanzoni nilikuwa nabahatisha na yeye ananiacha nibahatishe. Baadaye nikawa sikosei. Na neno moja alilirudia: betri inanong'ona ikipokea, haiwezi kunong'ona ikitoa. Ikiwasha taa inakaa kimya kama jiwe. Tangu wakati ule sikutaka redio bandani. Nyinyi mlidhani ni roho mbaya.

Sasa kuchagua. Wavuvi wa zamani walikuwa wanakuja na betri za gari. Betri ya gari kazi yake ni kupiga starta, inatoa nguvu nyingi mara moja halafu injini inairudishia. Mvuvi hana starta. Anawasha taa, inavuta kidogo kidogo mpaka kunakucha, na siku hizi wana zile mota ndogo za umeme za kusukuma mtumbwi, ambazo zinavuta zaidi. Betri ya gari kwenye kazi hiyo haimalizi msimu. Mtu wa mtumbwi achukue ile tunayoita ya sola, wauzaji wa Katesh wanaiita dipsaiko, ambayo bati zake za risasi ndani ni nene. Bati hamtaziona kwa macho, lakini mkono unaziona. Inyanyueni. Betri mbili za ukubwa mmoja, iliyo nyepesi iacheni dukani hata kama stika yake inang'aa kama sakramenti. Mzee mmoja alirudi kutoka Katesh anajisifu kwamba betri yake mpya ilikuwa rahisi kuibeba toka stendi. Nikamwambia itakuwa rahisi pia kuitupa. Hakunisalimia mpaka ilipomfia, na hapo akaja na shikamoo wakati ni mkubwa kwangu.

Ulizeni imekaa dukani tangu lini na mara ya mwisho ilichajiwa lini. Muuzaji akianza kuangalia dari, tokeni. Mvuvi mwenye betri mbili zilizofungwa pamoja, moja ikifa abadilishe zote mbili, maana iliyochoka itaila mpya. Mtumbwini ikae kwenye sanduku lenye mfuniko na matundu ya hewa, ifungwe kwa mkanda, iinuliwe na ubao isikae kwenye maji ya chini. Fyuzi iwe karibu na kichwa cha betri, si kule kwenye mota. Vichwa vipakwe grisi. Ikipungua inaongezwa maji ya betri, si ya ziwa. Nimeshafungua betri nikakuta kiluwiluwi. Kilikuwa kimekufa, na betri pia.

Na kubwa kuliko yote ni lile la Idrisa: betri isilale na njaa. Imerudi kutoka ziwani haina moto, ichajiwe siku hiyo. Ukiiacha na njaa, chumvi nyeupe inashika kwenye zile bati kama ukoko wa sufuria, na hakuna chaja itakayoubandua. Betri ya namna hiyo ni mwongo. Ukiipima imepumzika, mita inakuonyesha namba nzuri. Ukiitwisha mzigo inaanguka. Ukiitua mzigo ikapumzika kidogo, inainuka tena kana kwamba haikufanya kitu. Na ukiisahau kabisa, mwaka juu ya mwaka, inafika hata kusema uongo haiwezi. Unaigusa na mita, sindano haitikisiki.

Hayo yashikeni, sasa niwaambie habari ya Tluway.

Tluway alikuwa mvuvi wa perege na kambare, mwenye maneno machache. Betri yake nilimchagulia mimi mwenyewe, nzito mpaka tuliibeba wawili, akaipaka rangi nyekundu ubavuni isichanganywe na za wengine. Aliitunza kuliko watu wanavyotunza ng'ombe. Alikuwa na msemo wake, kwamba taa yake haizimwi mpaka mtumbwi uguse mwalo. Hata kama jua limeshatoka, yeye anakuja na taa inawaka. Wenzake walimtania kwamba anamsaidia Mungu kazi.

Asubuhi moja mtumbwi wake ulikuja wenyewe. Upepo uliuleta taratibu kutoka kwenye matete ya ng'ambo, na yeye amekaa ndani ameegemea sanduku la betri, amefariki. Waganga wa hospitali walisema ni moyo. Taa ilikuwa inawaka juu ya kichwa chake, jua kali. Watu walimtoa, lakini hakuna aliyekubali kuigusa ile swichi. Wakaniita mimi, eti ni kitu changu. Nikaizima.

Kwa sisi Wairaqw, ambao pamoja na misalaba yetu shingoni bado tunayashika haya, kuna kifo kinachoacha kitu ndani ya nyumba. Nyumba iliyofiwa hivyo inakaa peke yake. Haichoti maji na wengine, haitoi moto kwa jirani wala haipokei, mpaka wazee waseme yamekwisha. Nyumba ya Tluway ilibaki na mjane, Mama Emanueli, na huyo Emanueli, mtoto wake pekee, kijana aliyekwisha kuoa. Betri nyekundu ilirudi nao ndani. Haikuwa na moto.

Nilikwenda kwa Mzee Bura, ambaye ndiye aliyeshika habari za nyumba ile. Nilimwamkia nikamweleza kwamba betri inakufa, inatakiwa ichajiwe, na umeme si moto wa jikoni. Alinisikiliza vizuri. Akaniuliza huo umeme unatoka wapi. Nikasema kwenye chaja yetu. Na hiyo chaja inachaji na betri za nani? Nikasema za watu wote.

"Basi shika waya wake kwa mkono mtupu," akasema, "halafu njoo uniambie si moto."

Nikarudi bandani. Idrisa nilipomsimulia alitikisa kichwa tu, akasema yeye kwao wanazika kwa namna nyingine, lakini nyumba ni yao. Mwaka ule ule alirudi Kigoma, banda akaniachia.

Betri ikakaa na njaa msimu wote wa mvua.

Wazee waliposema yamekwisha, Emanueli aliibeba begani akaja nayo. Nikaichaji. Seli tatu zilinong'ona, mbili zikanong'ona kwa shida, moja kimya. Nikaipima, namba nzuri. Nikaifunga kwenye balbu kubwa ya trekta, ikaanguka mbele ya macho yake.

"Hii imekufa, mwanangu. Tutafute nyingine."

"Mbona namba yake nzuri, bibi?"

"Ni mwongo. Ziwani itakuacha."

Akaipapasa ile rangi nyekundu. Halafu akasema, "Taa ya baba ilikuwa haizimwi mpaka afike. Mimi sitakuwa wa kuizima."

Nikamwambia basi mota aiache nyumbani, betri ile haiwezi kusukuma hata bata. Akaahidi atachukua makasia. Mama yake alikuja baadaye kuniuliza kama mwanawe yuko salama. Nikamwambia kweli kama ilivyo, kwamba hayuko salama, amkataze. Alisema ameshamkataza, na kila jioni anamwona akishuka mwaloni vile vile.

Miezi ya baridi mnaijua. Wingu linashuka toka mlimani Hanang na kulala juu ya ziwa, kunakucha lakini huoni mkono wako. Asubuhi mojawapo mitumbwi yote ilikuwa imerudi isipokuwa wa Emanueli. Nilipofika kufungua banda nikakuta watu wamesimama mwaloni wakitazama ziwa. Mbali ndani ya ukungu, upande wa matete ya ng'ambo, kulikuwa na taa. Nikaitazama ikazimika. Baada ya kitambo ikawaka tena, yenyewe, pale pale.

Wanaume wakageuka wakalipa ziwa mgongo. Mmoja wao, Daudi, mvuvi hodari kuliko wote, aliniambia kwa upole kama anavyoambiwa mgonjwa. "Bibi, ile ni ya Tluway. Pale ndipo upepo ulipomtoa. Taa inayojizima na kujiwasha haifuatwi."

Mama Emanueli alikuwa amesimama majini mpaka magotini. Hakulia. Alikuwa anawaomba mmoja mmoja kwa majina yao.

Mimi niliendelea kuitazama. Taa hizi za kisasa zina kifaa kidogo ndani, betri ikishuka kinakata. Betri ikipumzika ikainuka, kinafungua. Nikaona kwamba kila inapowaka, inawaka kwa muda mfupi kuliko mara iliyopita, na kila inapozima inakawia zaidi. Ilikuwa ni ile betri mwongo, inaanguka na kuinuka. Itafika mahali haitainuka, na katika ukungu ule hakuna ambaye angempata mtu.

Nikawaambia, "Marehemu hachoki. Ile inachoka."

Hakuna aliyesogea. Mama Emanueli akageuka.

"Na kama ni baba yake kweli," akasema, "basi yuko na mwanangu. Nipelekeni kwa wote wawili."

Daudi akashusha mtumbwi. Mimi nikapanda pia, kwa sababu ningewezaje kusema vile halafu nibaki. Miaka yote nafunga betri za mitumbwi sikuwahi kukaa ndani ya mmoja ukiwa majini. Naogopa maji, na naandika hivyo bila aibu.

Daudi alipiga kasia taa ikiwaka. Ikizima alikuwa anainua kasia juu, tunakaa, kwa sababu bila taa tungepotea. Ukungu ulikuwa mweupe pande zote na juu. Maji yalikuwa hayana sauti. Kiboko alipumua mahali fulani, hatukujua ni wapi, Daudi akasali kwa kutikisa midomo. Mama Emanueli alinishika mkono, vidole vyake baridi kama misumari.

Mara ya mwisho ilipozima ilikawia sana. Nikajua imekwisha. Nilikuwa natafuta namna ya kumwambia yule mama, na hapo ndipo nilipoisikia.

Uji unaoanza kuchemka chumba cha pili.

Nilifumba macho kama nilivyofundishwa. Ilikuwa mbele yetu kidogo, kulia. Seli sita, zote. Hata ile niliyoisikia mwenyewe bandani ikiwa kimya. Betri inanong'ona ikipokea, haiwezi kunong'ona ikitoa, na pale katikati ya ziwa hapakuwa na chaja wala waya wala jua la sola. Nikamwonyesha Daudi kwa mkono, kulia, kulia. Baadaye alisema ni kambare walikuwa wanatoa mapovu. Sijabishana naye.

Taa ikawaka karibu nasi kiasi cha kutuumiza macho.

Emanueli alikuwa amelala kwenye maji ya chini ya mtumbwi, kichwa kimepasuka, mkono mmoja umekumbatia sanduku la betri. Kiboko aliupiga mtumbwi wake alfajiri, makasia yakaenda na maji. Alikuwa wa baridi kama samaki, lakini anapumua. Mama yake alivuka akamlalia mwilini kumpasha joto. Akafumbua macho, akamtazama mama, akanitazama mimi, kisha akatazama nyuma yangu kwenye ukungu.

"Baba ameshafika?" akauliza.

Daudi akafunga kamba, tukauvuta mtumbwi wake nyuma ya wetu. Nami niliigeukia ile taa njia nzima nikingoja izime, kwa sababu najua kazi yangu, betri ile haikuwa na uwezo wa kufika nusu ya njia. Haikuzimika. Haikufifia. Pua ya mtumbwi wa Emanueli ilipogusa tope la mwalo, ndipo ikazima, na haikuwaka tena.

Emanueli alilazwa akapona, na kovu lake mnalijua. Mtumbwini ana betri mpya, nimempa nzito, na haendi nayo ikiwa na njaa.

Mzee Bura alikuja bandani mwenyewe. Alikaa juu ya ndoo akatazama chaja zikifanya kazi. Sikumwambia kwamba nilikuwa na haki, naye hakuniambia kwamba alikuwa na haki, na nadhani wote wawili tulikuwa nayo. Tulikubaliana hivi. Betri ya nyumba iliyofiwa isilale na njaa, lakini isichanganye moto na za wengine. Fundi seremala akatengeneza benchi, tukaliweka nyuma chini ya bati, na chaja yake peke yake, waya wake peke yake, klipu zake zina uzi mweusi. Mfiwa haingii bandani. Anaiweka betri chini, anarudi nyuma hatua chache, ndipo unaichukua. Ikijaa unaiweka chini vile vile na wewe unarudi nyuma. Msimpe mkononi. Msimharakishe. Na msicheke hata kama amekosea chanya na hasi.

Mwaka ule tope liliposhuka mlimani Hanang likafukia nyumba za watu, watu wa Jorodom waliokimbilia kwa ndugu zao huku walikuja na betri za sola walizofukua. Nilizichokoa tope kwa kijiti, nikaziosha na magadi, nikazipanga pale nyuma. Benchi halikutosha, nikaziweka mpaka chini. Nyingine zilipona. Nyingine zilipona na wenyewe hawakuja kuzichukua. Hizo nilikuwa nazichaji hivyo hivyo kila mwezi, mpaka ndugu zao walipokuja.

Sasa limebaki la mwisho. Ile betri nyekundu iko chini ya benchi, kwenye pembe, imefunikwa gunia. Mnunuzi wa vyuma chakavu ameitaka mara nyingi, msimpe. Ni ya Emanueli, aliniomba ikae pale, na miezi ya ukungu huja kuifuta vumbi, kisha huenda zake. Tangu siku ile ya ziwani haijaguswa na chaja. Msiichaji. Na msiipime. Mimi niliipima asubuhi ile niliyowakabidhi funguo, kwa sababu kazi yote ilikuwa imehesabiwa isipokuwa hiyo, sindano ikapanda mpaka juu, na ndiyo maana nawaambia msiipime.

Halafu kuhusu redio. Najua mlikuwa mnaitaka. Iwekeni. Hasa jioni mnapofunga, mkiwa mmeshazima chaja zote na hakuna kitu chochote bandani kinachopokea moto, washeni redio kwanza, kwa sauti, ndipo mwende nyuma kufunga mlango.